Shajara ya mradi: kufufua reli ya sentimita 60, Mingoyo

Mei, wiki ya kwanza

Mvua zimekata na ardhi bado ina ulaini, kwa hiyo kazi imeanza kwa kufyeka. Njia inayofufuliwa ni mita 620. Inaanzia kwenye banda la korona, ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge yabaki singa (nyuzi) tu, la shamba la zamani la mkonge, inapita katikati ya mikorosho, inaishia ukingoni mwa mikoko upande wa mdomo wa Lukuledi. Kati ya reli na reli ni milimita 600. Reli zenyewe ni nyepesi, kilo 9.3 kwa mita, zimefungwa juu ya mataruma ya chuma katika vipande vya mita 5, kama ngazi iliyolazwa chini. Kipande kimoja kina mataruma 8 na uzito wa kilo 130 hivi. Wanne wanakiinua, ila sita ndio wanaokibeba kutwa nzima bila kuumia mgongo.

Watu wengi wakisikia reli huku kwetu wanafikiria reli ya karanga. Ile ilikuwa ya upana wa mita moja, ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza 1947, ikaunganisha Nachingwea na bandari, ikafungwa 1962 na reli zake zikang'olewa. Hii ni nyingine. Ni reli ya shamba, na kazi yake ilikuwa kubeba majani. Katika jani la mkonge singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito, maana yake kila tani moja ya singa ilidai tani 25 za majani mabichi zifike kwenye korona, tena upesi kabla hayajakauka na kung'ang'ania singa. Ndiyo sababu mashamba ya mkonge yalitandika reli nyembamba kila kona.

Hatuchomi. Moto wa nyasi unapita haraka na reli haiuhisi, lakini milingoti ya mkonge iliyoanguka juu ya njia inawaka taratibu kwa saa nzima mahali pamoja, na reli nyembamba hivi ikipata joto upande mmoja inajikunja kama upinde. Isitoshe, kuna mikorosho ya watu pande zote mbili. Panga, jembe na subira vinatosha.

Mei, wiki ya pili

Vipande vyote vimefukuliwa na kuhesabiwa: 124. Vizima 71, vya kunyoosha 38, vya kutupa 15. Hivyo 15 vyote vimetoka upande wa mikoko. Bamvua likija, maji ya chumvi yanafika chini ya tuta, na kwenye reli kutu imekula shingo, yaani sehemu nyembamba kati ya kichwa na kitako. Kwa juu inaonekana nzima. Ukiipiga nyundo ndogo unajua: reli nzima inalia kama kengele, iliyoliwa inatoa mlio wa debe. Taruma linapimwa kwa kalipa katikati ya mgongo; lilitoka kiwandani na milimita 6, likiwa chini ya 4 linakwenda kwa wanunua vyuma chakavu.

Reli iliyopinda inanyooshwa ikiwa baridi, kwa mashine ya skrubu yenye kucha mbili na kichwa cha kusukuma katikati. Kila sukumo isizidi milimita 3, kisha sogeza sentimita 20, sukuma tena. Anayetaka kumaliza kona nzima kwa sukumo moja ataondoka na reli yenye goti.

Mei, wiki ya nne

Kichwa cha treni, injini ya mvuke ya shamba, kimetolewa bandani kwa jeki na magogo ya mkongo. Ni Orenstein & Koppel cha Berlin, ekseli mbili, tangi la maji liko chini kati ya chesi, uzito tani 7 kikiwa na maji na moto. Sahani ya kiwanda haipo. Hilo halitusumbui sana, kwa sababu namba iligongwa pia kwenye fito za kuunganisha magurudumu na kwenye vipande vya vali. Tahadhari moja: mashambani vichwa viliazimana vipuri, kwa hiyo namba ya fito moja si ushahidi. Hapa vipande vitano kati ya saba vina namba ileile, viwili vina nyingine. Tumechukua ya vitano.

Kabla ya kufungua chochote, blanketi la boila. Chini ya bati la nje kuna unga mweupe mgumu, na katika injini za umri huu unga huo lazima uchukuliwe kuwa asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo. Umelowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo kwa pampu ya kunyunyizia dawa za mikorosho (mpya, na haitarudi shambani), ukabanduliwa kwa mkono bila kusugua, ukaingia mifuko miwili ya plastiki nene, mmoja ndani ya mwingine. Barakoa ni zile za kuchuja vumbi laini kabisa. Kitambaa cha kujifunga mdomoni si kinga. Mifuko 23 imefungwa na kuandikwa, inasubiri kuzikwa kwa taratibu za mazingira. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani na nguo za kazi za siku hiyo.

Nati zilizoganda: mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, siku tatu, mara mbili kwa siku. Ikigoma, pasha nati, si bolti, mpaka iwe nyekundu ya giza, acha ipoe nusu, ndipo spana. Kati ya bolti 164 zilizofunguliwa, 11 zimekatika.

Juni: boila

Hapa ndipo mradi utakapofia au kupona, kwa hiyo mwezi mzima umekwenda humu.

Kwanza tyubu, yale mabomba yanayopitisha moshi wa moto katikati ya maji. Ziko 58, kipenyo cha nje milimita 44.5. Zimekatwa kwa kisu cha ndani nyuma ya bamba la chumba cha moshi, zikavutwa kupitia mbele. Gesi haikutumika kukatia karibu na bamba; mwali ukigusa ukingo wa tundu, tundu linapanuka na tyubu mpya haishiki tena. Zilipotoka, jibu la kwa nini kichwa kiliachwa bandani lilikuwa wazi machoni. Upande wa tanuri, tyubu zimeshikana kwa ukoko wa chokaa wa milimita 5 hadi 6, mgumu na wa rangi ya pembe, na mahali pengine nafasi kati ya tyubu na tyubu imeziba kabisa. Ukoko ule ni sawa na ule wa chini ya sufuria ya wali: joto halipiti. Maji hayagusi chuma, chuma kinapata moto kupita kiasi, mdomo wa tyubu unalegea kwenye bamba, unavuja. Fundi wa wakati ule akaupanua tena, ukavuja tena. Kuna tyubu ambazo midomo imepanuliwa mpaka imebaki na unene wa bati. Si uzee uliokiua kichwa hiki. Ni maji. Kila uamuzi mwingine katika shajara hii unatoka kwenye sentensi hiyo.

Kilo 94 za ukoko zimetolewa kwa tindo butu, minyororo na maji ya presha kupitia matundu ya kuoshea. Asidi haikutumika, kwa sababu tanuri ni la shaba na pipa, yaani mwili wa boila, ni la chuma, na asidi inayopita kwenye mishono ya ribiti hairudi yote ikioshwa.

Kisha vipimo vya unene kwa mashine ya mawimbi ya sauti, gridi ya sentimita 10, pipa zima. Bamba lilitoka kiwandani na milimita 10. Sehemu kubwa ya pipa sasa ina 9.2 mpaka 9.6. Tumboni, pale tope lilipokaa, kima cha chini ni 8.1. Na kuna vishimo vitatu vya kutu, vipana kama shilingi, vilivyoacha milimita 6.6 tu.

Hesabu tuliyoifanya iko hivi, na mtu yeyote anaweza kuikagua. Kipenyo cha pipa milimita 800. Mshono wa ribiti tunaupa nguvu ya asilimia 70 ya bamba zima. Chuma cha zamani tunakiruhusu mzigo wa newtoni 80 kwa milimita ya mraba, si zaidi. Kwa presha ya awali ya baa 12, unene unaohitajika ni milimita 8.6, tuna 8.1, kwa hiyo baa 12 haipo tena. Kwa baa 8, unaohitajika ni 5.7. Hapo tuna akiba ya milimita 2.4 kwenye pipa, na hata vishimoni bado kuna akiba, ingawa ni ndogo mno kuiachia kutu ya miaka ijayo.

Kwa hiyo kichwa kitafanya kazi kwa baa 8. Kuna waliosikitika, wakiona tunakipunguzia heshima. Tazameni hesabu ya kuvuta. Silinda ni mbili, kipenyo milimita 180, mwendo wa pistoni 300, gurudumu 580. Kwa baa 8 nguvu ya kuvuta ni kilo 800 hivi. Mwinuko mkali kuliko wote kwenye njia yetu unapanda mita 1 kwa kila mita 40, na hapo kila tani inadai kilo 33. Maana yake kichwa kinapandisha tani 24, ukitoa uzito wake wa 7, zinabaki tani 17. Mabehewa mawili ya wazi yaliyojaa watu hayafiki tani 8. Baa 4 tulizoachia hazikuwa na kazi hapa.

Vishimo vitatu vitasagwa mpaka chuma safi na kujazwa kwa kulehemu, lakini baada ya kipande kidogo cha bamba kupimwa maabara. Vyuma vya enzi zile vinaweza kuwa na salfa nyingi, na salfa inapasua weldi ikiwa bado ya moto. Majibu yamerudi mazuri. Elektrodi za haidrojeni ndogo zilikaushwa kwenye oveni saa mbili kwa nyuzi 350, zikakaa kwenye kikasha cha joto mpaka zinashikwa. Kwa hewa ya Lindi, elektrodi iliyoachwa mezani asubuhi ifikapo adhuhuri imeshakunywa unyevu.

Steyi za tanuri, zile fito fupi za shaba zinazoshikilia kuta mbili zisisukumane, ni 212. Kila moja imegongwa kwa nyundo nyepesi huku mtu mwingine ameweka kidole upande wa pili. Nzima inapeleka pigo, iliyokatika inalimeza. Zilizokatika ni 9, zote safu ya juu kwenye kona, pale ambapo shaba inavutana zaidi na chuma inapopanuka. Zimebadilishwa 17, yaani hizo na jirani zake. Kila mpya ina kitundu cha milimita 5 katikati kwa upande wa nje: ikikatika siku moja, mvuke utatokea hapo na kusema wenyewe.

Tyubu mpya ni za boila zisizo na mshono, unene milimita 2.6, zimeagizwa Dar es Salaam. Bomba la maji la duka la vifaa vya ujenzi lina kipenyo kinachokaribia na bei yake inashawishi, lakini lina mshono, na mshono hufunguka ekspanda, yaani rola ya kupanulia mdomo wa tyubu, inapopita. Urefu wa kukata ni milimita 1,944: 1,900 kati ya bamba na bamba, 36 za unene wa mabamba mawili, na 4 za kutokeza kila upande. Tyubu 14 za kwanza zilikatwa 1,938 kwa sababu utepe wa kupimia ulikuwa umelegea kwenye ndoano yake. Kwa urefu huo ukingo wa upande wa moto haukunjiki ukakaa. Zote 14 zimewekwa kando zitumike kwingine. Tangu siku hiyo kipimo ni fimbo ya chuma iliyokatwa mara moja na kukaguliwa na watu wawili.

Ncha zote zinapashwa mpaka nyekundu na kufukiwa kwenye majivu makavu zipoe polepole, ili ziwe laini. Kisha panua kwa rola, ukiruka kutoka katikati kwenda pembeni na kurudi, kamwe si safu kwa safu, maana bamba litasogea. Acha rola inapoanza kuwa nzito na mng'ao sawa umezunguka ndani ya tyubu. Kuzidisha ni kosa baya kuliko kupunguza, kwa kuwa iliyopungua unairudia na iliyozidi unaitupa.

Julai: njia

Kokoto kwanza. Mawe ya chokaa ya pwani yapo karibu na ni nafuu, lakini yanasagika chini ya taruma na kuwa uji mvua ikinyesha. Tumeleta kokoto ya mawe magumu kutoka upande wa Masasi, zaidi ya kilomita 100, safari 13 za lori la mita za ujazo 10. Tabaka ni sentimita 15 chini ya taruma, upana mita 1.4.

Vipande 109 vilivyopona vimerudi chini. 15 vya mwisho vimetengenezwa upya kwa reli za akiba zilizokutwa zimefukiwa nyuma ya banda. Viungo kati ya vipande ni 123, kila kimoja na pande mbili, kwa hiyo mabamba ya kuungia 492 na bolti 984. Bolti zote mpya, zimechovywa kwenye grisi yenye grafiti.

Kosa la mwezi: mita 60 za kwanza zilitandikwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, reli zikiwa baridi, na vipande vikasukumwa vikagusana. Saa nane mchana njia ilikuwa imehama kando kwa sentimita 11 na kuinuka kwenye kona. Reli ya mita 5 inarefuka milimita 1 na nusu kwa kila nyuzi 25, na hapa reli juani inafika nyuzi 55 na zaidi. Vipande 12 ni milimita 18 zisizo na pa kwenda. Sasa kila kiungo kinawekewa kijisahani cha milimita 2 kabla ya kufunga bolti, na hakuna kutandika reli ikiwa chini ya nyuzi 28. Kipimajoto cha sumaku kinabandikwa kwenye shingo ya reli, upande wa kivuli.

Kwenye kona, upana umeongezwa kutoka 600 hadi 608.

Agosti: maji

Kisima cha shamba kimepimwa: ugumu miligramu 420 kwa lita, na chumvi inayoonekana hata kwa ulimi. Hayo ndiyo maji yaliyojenga ule ukoko. Hayataingia kwenye boila hii tena, hata siku moja, hata tukibaki na kiu.

Jibu liko juu ya vichwa vyetu. Paa la banda la korona lina mita za mraba 240. Pwani hii inapata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Ukiondoa inayopotea, paa linatoa zaidi ya lita 170,000. Kichwa kikifanya safari fupi siku mbili kwa wiki, saa tano kwa siku, lita 250 kwa saa, kinakunywa lita 2,500 kwa wiki, lita 130,000 kwa mwaka. Yanatosha. Shida ni kiangazi: mvua zikichelewa, miezi saba bila mvua inadai akiba ya lita 75,000. Matangi manane ya plastiki ya lita 10,000 yamepangwa kwenye msingi wa zege upande wa kusini wa banda, yamepakwa rangi nyeusi ili mwani usiote. Mvua ya kwanza ya msimu inamwagwa chini kwa dakika 20, iondoke na vumbi, majani na kinyesi cha popo. Kwa majaribio ya mwaka huu tumenunua maji ya mvua yaliyohifadhiwa na jirani, lita 6,000.

Maji ya mvua hayana chokaa, lakini yana ubaya wake: yamebeba hewa na yanaelekea uchachu, na oksijeni ndiyo inayochimba vishimo kama vile vitatu. Kwa hiyo yanatiwa dawa. Magadi soda ya kiwandani gramu 40 kwa kila lita 1,000 kwa kuanzia, kisha kidogo kidogo mpaka maji ya ndani ya boila yafike pH 11. Tanini gramu 30 kwa lita 1,000. Inakula oksijeni na kulifanya tope liwe laini, lisigande. Tanini ni ya gome la mwati kutoka Njombe. Gome la mkoko nalo lina tanini nyingi na liko mita chache kutoka mwisho wa njia, lakini mikoko ni hifadhi na haiguswi. Maji ya boila yakichotwa yawe na rangi ya chai ya rangi. Yakipauka, ongeza, yakiwa kama kahawa, fungua vali ya kutolea tope, hesabu mpaka kumi, funga.

Septemba

Silinda: upenyo umelika hadi 181.8, umbo la yai kwa 0.4. Zimekerezwa mpaka 182.5, ringi mpya za chuma cha kusubu, pengo milimita 0.6. Vali zimesawazishwa kwa kusugua juu ya bamba la rangi ya buluu. Hakuna zaidi la kusema, kazi ilikwenda vizuri.

Bearingi za ekseli ndizo zilizotuweka. Ni vikombe vya shaba nyeusi vilivyojazwa metali nyeupe, na tatu kati ya nne zimepasuka. Metali ya zamani inayeyushwa itoke, kikombe kinasuguliwa na kupakwa bati, kinapashwa mpaka nyuzi 110 ili unyevu wote utoke. Tone moja la maji likibaki chini, metali italipuka usoni. Tulipima joto la metali kwa mashine, lakini njia ya zamani ilikubaliana nayo kila mara: dumbukiza kijiti kikavu, hesabu tano, kitoe. Kikiwa cheupe, bado. Kikiwaka, umezidisha na bati linaungua. Kikitoka na rangi ya kahawia ya ganda la korosho, mimina, kwa mkupuo mmoja usiokatika. Bearingi ya pili ilimwagwa kwa vijiko viwili vilivyopishana sekunde kadhaa, ikatoka na mstari katikati. Imerudiwa.

Chekecheo la cheche limewekwa ndani ya chumba cha moshi, wavu wa matundu ya milimita 5, chuma kisichoshika kutu. Hili lisipuuzwe. Kichwa kitawashwa Oktoba, wakati majani ya mikorosho yamekauka chini na korosho zinaanza kuanguka. Cheche moja kutoka kwenye dohani inaweza kumaliza msimu wa familia. Pia kuna mkanda uliofyekwa mita 4 kila upande, na toroli yenye tangi la lita 500 na pampu ya mkono itafuata nyuma ya kila safari.

Oktoba, wiki ya kwanza

Jaribio la maji baridi, mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, akiwepo. Boila imejazwa mpaka juu kabisa na hewa yote kutolewa kupitia vali ya juu. Hewa ikibaki na kitu kikipasuka, ni bomu, maji matupu ni maji tu. Presha baa 12, mara moja na nusu ya ile ya kazi, dakika 30. Sindano ya geji ilishuka hadi 11.8 ndani ya dakika 9: tyubu mbili safu ya chini zinalia machozi, na mshono mmoja wa ribiti chini ya mlango wa tanuri una unyevu. Tyubu zimeguswa kwa rola, mshono umekandwa kwa tindo ya ukingo. Mara ya pili, dakika 30, sindano haikusogea.

Plagi ya risasi ya dari ya tanuri ni mpya. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327; maji yakishuka chini ya dari, inayeyuka, mvuke unamwagikia moto. Itabadilishwa kila miezi 12, iwe nzuri au mbaya.

Oktoba, wiki ya pili

Moto wa kwanza. Vifuu vya nazi na kuni za mkorosho kuwashia, kisha makaa ya mawe ya Ngaka, ya kule Mbinga, yaleyale yanayopita kwa malori kwenda bandari ya Mtwara. Siku ya kwanza moto mdogo saa nane mfululizo, presha isizidi baa 1, kisha ukaachwa ufe wenyewe. Siku ya pili baa 3. Siku ya tatu baa 8. Kuharakisha hapa ni kuvunja steyi mpya na kulegeza kazi yote ya Juni, kwa kuwa juu ya pipa kunapata joto saa kadhaa kabla ya tumbo. Siku ya kwanza, saa ya tatu, juu palikuwa nyuzi 90 na tumboni mkono uliweza kukaa.

Mzee wa kijijini aliyewahi kuchochea moto kwenye vichwa vya shamba alikuja kutazama. Kijana wa koleo alimwuliza, "Babu, moto uwe mnene kiasi gani?" Akajibu, "Kiganja kimoja, mjukuu wangu, na uwe mweupe. Ukiwa mwekundu, unapika moshi." Tulipima tabaka: sentimita 9. Likizidi 12, makaa haya yanashikamana kama keki na kuziba wavu.

Vali za usalama zilifunguka kwa baa 8.0 na kujifunga 7.6. Injekta, vifaa vinavyosukuma maji ndani ya boila kwa nguvu ya mvuke, ni mbili. Ya kulia inafanya kazi. Ya kushoto ilikataa: ilivuta, ikakoroma, ikatema maji chini. Ilifunguliwa mara mbili na koni zake ziko safi. Kosa liko kwenye tangi. Trei ya majivu inalipasha kwa chini, na ilipofika saa saba mchana maji ya tangi yalikuwa nyuzi 46. Injekta ya aina hii inakata tamaa juu ya nyuzi 40, kwa sababu mvuke haugandi ndani ya koni. Asubuhi iliyofuata, maji yakiwa 29, ilishika mara moja. Dawa: bati la kukinga joto kati ya trei na tangi, pengo la milimita 25, na kujaza maji mapya kila baada ya safari mbili.

Oktoba, wiki ya tatu

Kichwa kimetembea mita 30, kikarudi. Kisha mita 60. Kwenye kiungo cha 12 gurudumu la mbele kushoto lilipanda juu ya reli na kushuka nje, mwendo wa mtu anayetembea. Hakuna aliyeumia, na jeki mbili zilikirudisha ndani ya saa moja na nusu. Sababu: msokoto. Pima maji liliwekwa kila sentimita 70 na kuonyesha kuwa reli ya kushoto inashuka milimita 14 ndani ya mita 1.4, umbali uleule wa ekseli hadi ekseli. Kichwa kigumu cha magurudumu manne hakiwezi kujikunja kufuata njia, kwa hiyo gurudumu moja linabaki hewani na flanji, ukingo wa gurudumu unaolizuia lisitoke relini, inapanda. Kokoto chini ya hapo ilikuwa haijashindiliwa vizuri. Kipimo kipya kwa njia nzima: msokoto usizidi milimita 5 kwa mita 1.4. Ukaguzi wa kwanza umepata sehemu 19 zinazozidi. Saba zimekwisha kushindiliwa.

Kwa sasa kichwa hakivuki mita 410, kalvati lilipo. Bomba lake la zege limepasuka kwa juu, na bamvua la mwezi huu lilitoa mchanga wa tuta upande wa mikoko. Mabomba mapya mawili ya sentimita 60 yamefika na yako kando ya njia. Yatazikwa maji mafu yakianza, kuna siku nne za kufanya kazi pakavu. Abiria hawapandi mpaka kalvati likamilike, sehemu 12 za msokoto zishindiliwe, na kibali cha LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kiwe mkononi.